Siku Shangazi Turubai Alipotukana Mtaa Mzima

Watu wa mtaa ule wa gatini wana tabia moja, ukiwasimulia watu wa kwingine wanakuona muongo. Wakichukia jambo, hawaendi. Basi. Hawapigi kelele, hawabebi mabango, hawasemi hata neno. Harusi ya mtu waliyemchoka, hawaendi. Duka lililowapunja, hawaendi. Kuna diwani mmoja aliwahi kuhutubia pale mbele ya viti vitupu na mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa wa kupita. Kwao kwenda mahali ni heshima unampa mtu, na kutokwenda ni tusi zito kuliko la mama.

Mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kuiweza kasirani ya kimyakimya, naye ni Shangazi Turubai. Yeye akikasirika, hata walioko majini wanajua.

Kazi yake ni kushona maturubai, ya malori na ya boti, ndani ya ghala la mawe linalotazamana na maji. Ghala lenyewe ni la zamani kuliko babu ya mtu yeyote. Paa linavuja upande wa kushoto, kuta zinamwaga unga wa chumvi, mlango ukiufunga lazima uusukume kwa makalio. Lakini sakafu yake ni pana, na hiyo sakafu ndiyo ugali wake. Turubai la lori hulishoni chumbani. Unalitandaza lote, unatambaa juu yake kwa magoti, sindano nene mkononi na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia. Magoti ya Shangazi yana sugu kama visigino vya wenzake.

Akishakunja kazi zake, sakafu inakuwa ya mtaa. Msiba hapo, harusi hapo, kikao cha kugombana juu ya maji machafu hapo hapo. Nyumba za mtaa ule ni nyembamba, ngazi zake zimebana, maiti akishushwa kutoka ghorofani inabidi jeneza lisimamishwe wima, marehemu ashuke kama anayekwenda kazini. Kwa hiyo bila ghala, watu wangezaliwa na kufa bila kukaa pamoja.

Sasa jiji likaleta gari la kipaza sauti. Likatangaza kwamba ghala litarudishiwa hadhi yake ya kihistoria. Maana yake ni mkahawa wa wageni, na ukutani picha kubwa za watu wa zamani wakifanya kazi humo. Anayefanya kazi humo leo atafute pa kwenda. Wananchi waje kutoa maoni Jumamosi asubuhi, humo humo ghalani.

Mtaa ukachemka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole aliyestaafu kupeleka barua za posta, akapita mlango kwa mlango kwa sauti ya chini kama anauza magendo. "Hatuendi. Mwambie na mumeo. Hatuendi."

Jumamosi ikafika, madirisha yote yakafungwa. Hata Grisi, fundi wa injini ambaye hafungi karakana hata akiugua, aliteremsha mlango wake wa bati akabaki ndani, anafanya kazi gizani.

Shangazi naye hakuwa na nia ya kwenda. Yeye alikwenda kazini. Alikuwa katikati ya turubai, amepiga magoti, mara wakaingia vijana wa jiji, wakaanza kupanga viti juu ya turubai lake.

"We! Ondoa mguu wa kiti kwenye pindo langu!"

Afisa wa jiji, kijana mwenye tai, akatabasamu. "Karibu kwenye kikao, mama."

"Sijaja kwenye kikao. Kikao ndicho kimenijia."

Afisa akakaa. Akatazama viti vitupu, akatazama saa yake, hakuonekana kusikitika. Shangazi akaacha kushona. Mtu aliyetusiwa kiasi kile angekuwa ameshaanza kutoa jasho.

"Hakuna aliyekuja," Shangazi akamwambia, kama mtu anayemsaidia kuelewa.

"Naona, mama. Hakuna tatizo. Wenye pingamizi wanatakiwa wafike hapa wao wenyewe. Nusu ya nyumba za mtaa zikipinga, mpango unakufa. Asiyekuja tunamhesabu hana neno. Saa sita tunafunga."

"Yaani aliyejifungia kwake amekubali?"

"Ndiyo utaratibu."

Shangazi akainuka. Hakuaga. Akatoka na ngozi yake ya kushonea bado iko kiganjani, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akagonga dirisha.

"Mwenyekiti, toka! Kutokwenda ndiko kukubali!"

"Shangazi, usituchanganye," sauti ikajibu kutoka ndani. "Tangu lini mtu akakubali kwa kukaa nyumbani?"

"Tangu leo! Afisa mwenyewe kaniambia!"

"Kwani umeongea naye?" Dirisha likazidi kufungwa, kama hilo linawezekana.

Akaenda kwa Grisi. Akalipiga bati teke. "Grisi, njoo ghalani, wanatuuza!"

"Waache wakae na viti vyao," Grisi akasema humo gizani. "Wataona vitupu, watajua."

"Watajua nini?"

"Watajua tu."

Akabaki wifi yake, mjane wa kaka yake, anayekaa ghorofani juu ya karakana. Wifi alifungua dirisha upana wa pua moja. "Nimekuona ukitoka ghalani. Sisi tumejifungia, wewe unawapokea. Tena kwa mguu wako! Msaliti mkubwa. Marehemu angekuona leo."

Hapo ndipo Shangazi Turubai alipopoteza breki. Watu baadaye walisema alipanga. Hakupanga kitu. Damu ilimpanda tu, mdomo ukatangulia mbele ya akili, kama kawaida yake.

"Usimtaje kaka yangu! Siku ya msiba wake ulizimia mara tatu, na kila mara ulitazama kwanza pa kuangukia!"

Halafu madirisha yakaanza kufunguka. La kwanza, la pili, yakafuatana mtaa mzima. Ndani ya nyumba ya wifi zikasikika ndara zikishuka ngazi kwa kasi ya mtu mwenye umri mdogo zaidi.

Shangazi akatazama juu kushoto, akatazama juu kulia. Vichwa kila mahali. Akawajua watu wake. Kikaoni hawaendi, lakini ugomvi hawajawahi kuukosa.

Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ghalani, anagawa matusi.

"Grisi! Wateja wako wanakuja na boti wanarudi wakiogelea!"

Bati likapanda juu kwa kishindo.

"Na wewe mwenyekiti! Barua za watu ulikuwa unazisoma njiani! Mtaa ulikuwa unajua nani kaachwa kabla mwenyewe hajaachwa!"

Mzee mpole akatoka na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Shangazi hakuruka nyumba hata moja. Mwenye kuiba umeme alitajwa na nguzo anayoibia. Mwenye meno ya bandia aliulizwa ya leo ni ya nani. Waliotukanwa walitoka kwa hasira, ambao zamu yao haijafika wakatoka kusikiliza ya wenzao. Msafara ukamfuata, wote wanapiga kelele, mpaka mlangoni mwa ghala, mpaka ndani. Viti vikajaa. Wengine wakasimama juu ya turubai.

Afisa wa jiji alikuwa ameshasimama nyuma ya meza.

"Uliza!" Shangazi akamkoromea, amemshika wifi mikono asipate kumfikia uso. "Uliza sasa hivi!"

"Nani... nani anapinga mpango wa ghala?"

"Sisi sote tunapinga!" wifi akafoka. "Na huyu mwanamke pia tunampinga!"

Mikono ikapanda. Afisa akahesabu, akarudia kuhesabu akiomba awe amekosea. Hakukosea.

Mwenyekiti akainua kile kiatu. "Lakini tusiandikwe kwamba tumehudhuria. Sisi hatukuja."

"Mzee, nikiandika hamkuhudhuria, mmekubali."

Mwenyekiti akafikiri, akamtazama Grisi, Grisi akatazama chini.

"Basi andika tumehudhuria kwa hasira."

Afisa akaandika hivyo hivyo. Mpango ukafa, gari la kipaza sauti likahamia mtaa mwingine, na Shangazi akabaki na sakafu yake.

Ila hakuna aliyeikanyaga tena. Alipita kuomba radhi kila nyumba. Grisi akasema amesamehe, mwenyekiti akasema amesamehe, na wote hawakwenda. Harusi iliyofuata ilifanyiwa barabarani, kwenye mvua. Maharusi walilowa, wageni wakalowa, na ghala liko pale kavu, ukitoa upande wa kushoto. Kwa wifi tu ndiko Shangazi hakwenda. Alisema radhi ya kitu alichokiona kwa macho haimo kinywani mwake.

Asubuhi moja wifi mwenyewe akasimama mlangoni mwa ghala, vidole vya miguu nje ya kizingiti.

"Sijaja. Nimesimama tu."

"Nakuona."

"Sema sikutazama pa kuangukia."

Shangazi alikuwa anahangaika na turubai la lori, kubwa, zito, halikunjiki na mtu mmoja. "Nilikuwa nyuma yako, wifi. Mara ya kwanza ulitazama. Ya pili ukasogeza mto."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikudaka mimi. Kiuno kiliniuma mwezi mzima."

Chozi lilimlenga wifi, akalifuta kwa kanga kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Halafu akavua ndara, akaingia, akaokota pembe ya turubai.

"Vuta basi," akasema. "Na si huko, mjinga wewe, anzia kwenye pindo."