Mngurumo wa Baba

Nilipokuwa mtoto kwetu Mjimwema, wenzangu waliogopa fisi na wachawi. Sisi tuliogopwa na watu wazima. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye uwezo akifungua biashara, na baba alifungua mashine ya kusaga. Sasa, mtaani kulikuwa na imani juu ya wenye mashine: haisagi bure, lazima mwenyewe atoe akili ya mtoto wake. Na sisi tulikuwa na Kasiani.

Kaka yangu Kasiani alikuwa na ulemavu wa akili. Alizaliwa hivyo, miaka mingi kabla ya mashine, lakini hesabu hiyo hakuna aliyetaka kuipiga. Mama akiwa shambani, baba ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji taratibu, jambo lililowachekesha wanaume wenzake. Hata hilo likageuzwa ushahidi. Walisema anatunza mtaji wake.

Ndipo baba akakosea. Aliamini uvumi hufa ukianikwa juani, akaanza kumpeleka Kasiani mashineni kila asubuhi na kumkalisha mbele, wateja wote wamwone. Masikini baba. Kasiani aliupenda mno ule mngurumo. Injini ikiwaka anacheka na kuyumba nayo, ikizimwa analia. Wanawake walitazamana, wakajitwisha madebe yao ya mahindi, wakaenda kusaga ng'ambo ya mto. Hawakurudi tena.

Shangazi, dada yake baba, alikuja na ushauri ambao ukoo mzima uliuunga mkono.

"Kaka, mpeleke kwa mama yetu, kule Namtumbo. Watu wasipomwona watasahau."

Baba alikuwa anafuta grisi mikononi.

"Nikimficha, dada yangu, ndipo nitakuwa nimemuuza kweli."

Akauza mashine. Tukarudi kwenye jembe, na ugali wetu tukaulia majani ya maboga.

Lakini Kasiani angeelewaje? Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye kibanda kitupu cha mashine, akisubiri. Basi baba, kabla ya kwenda shambani, alikaa kando yake akaunguruma kwa mdomo, tu-tu-tu-tu, mpaka mwanawe akacheka. Wapita njia wakasema sasa hata baba amerukwa na akili. Hakuacha, mpaka ndevu zake zikawa nyeupe.

Siku tuliyomzika baba nilimkuta Kasiani kibandani, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, anasubiri. Nilikaa kando yake nikaunguruma kadiri nilivyokumbuka. Aliniangalia, kisha akaniwekea kiganja mdomoni ninyamaze. Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini.

Siku hizi nafikiri imani ile haikukosea yote. Mashine kweli ilimdai baba mtoto wake. Wasichokijua majirani ni kwamba baba alikataa kumtoa.

Kasiani anaishi kwangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, najaribu tena ule mngurumo. Bado hajacheka.