Hesabu za Kiingereza kwa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi umeme kiwandani, na hesabu alizijua kunipita, ingawa mwalimu wa hesabu ni mimi. Alichokosa ni Kiingereza. Kiwanda kilipokufa, na shule yangu ikawa inalipa kwa ahadi, tukasikia kwamba ng'ambo ya mpaka, Zambia, mgodi mmoja unatafuta mafundi, ila kwanza wafanye mtihani wa hesabu kwa Kiingereza. Akifaulu, watoto watakula. Akishindwa, ilibaki Kambove, kushuka kuchimba madini kwa sururu kwenye yale mashimo yaliyomfukia mdogo wake. Njia ya tatu haikuwepo, na sote wawili tulilijua hilo.

Kiingereza changu nilikiokota utotoni sokoni Ndola, hukohuko Zambia, nikimsaidia bibi kuuza mihogo. Kilikuwa cha masikio tu, kitabu chake sikuwahi kukifungua. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilimkalisha jikoni nikisonga bukari, nikimega tonge ili aseme "half", aseme "quarter". Nikiongeza unga, "plus". Nikiupunguza, na siku hizo kazi ilikuwa kuupunguza, "minus". Shida ilikuwa kumng'oa Kifaransa kichwani. Huku kwetu tunaongea Kiswahili, lakini kuhesabu ni kwa Kifaransa, hata mama muuza dagaa. Nikimuuliza sabini kwa Kiingereza, anakwama, anaitafuta kwanza "septante", ndipo anavuka. Nilimfokea kuliko nilivyowahi kumfokea mwanafunzi yeyote, tena mbele ya watoto, naye mwanaume mzima akavumilia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Si yeye aliyenikasirisha, ni njaa.

Aliporudi kutoka mtihanini uso ulikuwa umefunguka. Nikamwekea bukari na mboga ya sombe, akala huku anasimulia.

"Mama, byote nilijibu! Hata balinipa moya ya kuchekesha: tanki ya mayi ya litre moya na nusu, ya bafanyakazi ba mugodi muzima. Ati itamalizika siku ngapi? Miye nikaandika haifike hata muchana!"

Nikamwomba aiandike ile namba vile alivyoiona. Akachovya kidole kwenye maji ya kunawia, akaandika mezani: 1,500.

"Zile sufuri mbili ni za nini?" nikamuuliza.

"Ni za kupamba tu."

Hakuna anayepamba hesabu kwa sufuri. Kwetu koma hutenga namba nzima na vipande vyake. Kwao, nikaelewa palepale, hutenga maelfu. Tanki lilikuwa la lita elfu moja na mia tano.

"Na hiyo koma ilikuwa kwenye hesabu hiyo moja tu?"

"Hapana, karibu mu zote." Akacheka tena, akanitazama. "Juu ya nini weye haucheke?"

"Kula kwanza, baba ya batoto."

Nilitaka ale tu. Nilitamani mlo ule usiishe, nisiwe mimi wa kumwambia. Lakini aliacha kutafuna. Aliangalia namba iliyokuwa inakauka mezani, na midomo yake ikaanza kutembea, akizihesabu upya hesabu zote, moja baada ya nyingine. Alinawa mikono, bukari haijaisha, akatoka kwenda kwa jirani kuazima sururu.