Wimbo Ulionyamaza Ili Nipone

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huko Keza, Ngara. Kwa miaka mingi nimefundisha watu kusali kwa sauti. Nikianza Rozari, hata waliokuwa migombani ng'ambo ya bonde waliitikia. Mwili wangu ulikuwa na nguvu. Naandika ili anayeugua sasa asikate tamaa.

Siku moja nilikuwa nang'oa machipukizi ya migomba, jembe likateleza na kunichoma mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo lakini kimeingia ndani. Nilifanya kama baba yangu: nikapaka samadi kavu ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, nikafunga kwa jani kavu la mgomba. Damu ikakoma. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kazi.

Siku ya nane taya zilikaza. Kesho yake shingo ilikuwa ngumu kama gogo, midomo imevutika pembeni, meno nje. Mke wangu Anastazia alidhani namdhihaki.

"Mzee, unacheka nini na chakula kinapoa?"

Sikuweza kumjibu. Aliponiona natokwa machozi ndipo akakimbilia bodaboda.

Hospitalini daktari alifungua kidonda, akaikuta samadi, akasema ni pepopunda.

"Vijidudu viko hapa mguuni tu," alimweleza Anastazia. "Ila vinatoa sumu, nayo hupanda kwa mishipa ya fahamu na kukaza misuli. Sindano hii itakamata sumu ambayo bado inatembea. Iliyokwisha kushika, mama, haing'oki. Hiyo tutaisubiri iishe yenyewe."

Alikiri kwamba hofu yake ni misuli ya kupumulia nayo kukaza.

Walisafisha kidonda, wakanipa dawa, wakanilaza kwenye chumba chenye giza, uji ukipita kwa mpira puani. Mlango ukibamizwa tu, mgongo wangu ulipinda kama upinde, nikabaki nimeegemea kisogo na visigino. Akili yangu ilikuwa timamu. Maumivu yote niliyajua.

Jumapili wanajumuiya wangu wakaja wakiimba wimbo niliowafundisha mwenyewe. Ubeti wa kwanza haukuisha. Mwili ulikaza, pumzi ikakatika, nikaona giza. Muuguzi aliwatoa upesi. Nje walinung'unika kwamba katekista hawezi kuachwa bila wimbo. Anastazia akasimama mlangoni.

"Wimbo wenu utamuua. Mungu si kiziwi. Salini kimya."

Wakatii. Kwa majuma matatu walipokezana kukaa nyasini, rozari mikononi, bila sauti. Nami ndani, nisiyeweza hata kutamka "Baba Yetu", nilisali nao kwa kuhesabu pumzi zangu. Kila pumzi ilikuwa chembe moja ya rozari.

Sumu ikaachia polepole. Asubuhi moja kijiko cha uji kilipita katikati ya meno. Anastazia akafanya ishara ya msalaba, nami nikasema "Amina". Sauti ilikwaruza kama mlango wa zizi, lakini ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, samadi ni ya migomba. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha nendeni zahanati. Msidhani aliyepona amekingwa: mimi mwenyewe nilichanjwa baada ya kupona, nikarudi hadi nikamaliza sindano zote.

Nawashukuru madaktari, wauguzi na wale waliokaa nyasini. Leo nikienda kukomunika naufungua mdomo wazi kupita kiasi. Anastazia huninong'oneza kwamba hostia si kiazi. Ndiyo, najua. Lakini naufungua.