Fundi aliniuliza gari lilikuwa gia gani

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, naishi Mkuza, Kibaha, na haya nayaandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu siwezi kumpa mjukuu aniandikie. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini mkishamaliza mnishauri, maana Ijumaa imekaribia na mimi usingizi sipati.

Miaka ile ya ujamaa, sukari kwa foleni na dizeli ya kupimiwa, nilikuwa dereva wa lori la kubeba korosho kutoka Kisarawe. Sifa yangu ilikuwa moja: dizeli yangu haiishi. Wenzangu wanarudi na matangi makavu, mimi narudi na akiba, na kwenye mkutano wa wafanyakazi meneja ananisimamisha nipigiwe makofi. Jamani, nilipenda yale makofi! Siri yenyewe ilikuwa ujinga mtupu. Nikifika kwenye mteremko natoa gia, nazima injini, naliacha lori lishuke lenyewe. Fundi wetu, nitamwita Mwinshehe ingawa si jina lake, alinishtukia akaniweka kando. "Mdogo wangu, gia unayopandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Hizi breki ni za upepo, na upepo unajazwa na injini. Ukizima, unatumia ule uliobaki tu. Ukiisha, na wewe umekwisha." Nikaapa kwamba nimeacha. Akaniamini, maana tuliishi kama ndugu wa tumbo moja.

Siku yenyewe, asubuhi, alizikaza breki za lori langu kwa mikono yake. Akaniambia mkewe yuko Kisarawe anamuuguza mama yake, nikirudi nimchukue. "Unirudishie mwenzangu," akasema. Mchana nikapakia magunia mpaka juu, shemeji akakaa pembeni yangu na kikapu cha mihogo miguuni. Tukaanza kuteremka. Nikazima. Kesho yake kulikuwa na mkutano, mnanielewa? Shemeji akanigeukia: "Shemeji, mbona gari limenyamaza?" Nikacheka. "Tunabana dizeli, shemeji. Si tunajenga taifa?" Kona ya kwanza nikakanyaga breki, zikashika. Ya pili zikashika kidogo. Ya tatu mguu ulizama mpaka chini, hakuna kitu. Nikahangaika kurudisha gia, ikakwaruza ikakataa, na mzigo unatusukuma. Lori likaacha barabara, likalala ubavu kwenye mikorosho. Mimi nilivunjika mkono. Shemeji alikufa palepale.

Kabla watu hawajafika, kwa ule mkono mzima, niliingiza gia ya pili. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Wakaguzi wakakuta gia iko mahali pake, dereva ni yule wa makofi, na breki zimeguswa asubuhi ileile. Wakamgeukia fundi. Naye, maskini, hata hakujitetea. Alisema, "Labda nilisahau kukaza nati. Sikumbuki." Akafukuzwa kazi na mke amemzika. Akarudi kwao karibu na Mlandizi kulima, na mpaka leo hajashika spana. Hata baiskeli yake ikiharibika, anaikokota mpaka kwa mtu mwingine.

Binti yake, nitamwita Tatu, alikuwa na miaka saba. Amekua akijua kwamba uzembe wa baba yake ndio uliomuua mama yake. Tatu humtumia baba yake mahitaji, lakini kumtembelea hamtembelei. Anayeletewa uji, anayepelekwa hospitali, anayeitwa baba mdogo, ni mimi! Mwaka jana aliniuliza mama yake alisema nini mwisho. Nikamwambia alitamka shahada. Alilia pale mbele yangu, akanishukuru sana.

Jumatatu nilisikia Mwinshehe amezidiwa, nikaenda. Nilimkuta amebaki mifupa. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mdogo wangu." Akaniashiria nikae. Halafu akauliza swali ambalo miaka yote hii hajawahi kuniuliza: "Siku ile, gari lilikuwa gia gani?" Ndugu zangu, Mungu alinifungulia mlango wazi kabisa. Mdomo wangu ukasema, "Ya pili, kaka." Akafumba macho. "Basi ni mkono wangu," akasema. "Ijumaa baada ya swala uje na Tatu. Nataka nimwombe msamaha kabla sijaondoka, na wewe uwepo, ushuhudie."

Ijumaa yenyewe ni keshokutwa. Tatu amekubali kwenda kwa sababu yangu tu, na ameshaninunulia kanzu mpya. Nikisema, nampoteza binti anayenilea, na mzee anaondoka duniani akijua mdogo wake ndiye aliyemmaliza. Nisiposema, nitakaa pale na kanzu yangu mpya nikimsikiliza mtu asiye na kosa akiomba msamaha kwa kosa langu. Naogopa, jamani. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ile kona ya tatu.

Nianze na nani, baba au binti? Na nianze na neno gani? Mnitafutie hilo neno la kwanza tu, maana nimejijaribu mbele ya kioo tangu jana, na kila nikifungua mdomo inatoka ileile gia ya pili.