Wimbi Analosomea Ndinda

Kasiva hakuwa mtu wa kujisifu, ila kuhusu wimbi, ile nafaka ya uji, alikuwa hashikiki. Mafundi na makanga wa matatu wa Spine Road, Kayole, walikunywa uji wake kila asubuhi, na kila aliyenyoosha kikombe aliambiwa, "Msichana wangu anasomea hii wimbi chuo kikuu."

Hakuwa ameokota maneno hayo barabarani. Siku moja alimuuliza Ndinda anasomea nini hasa, na binti, na haraka zake, akamjibu mama yake, "Mawimbi, Mwaitu. Vile wimbi inasafiri." Sasa niambie, mwanamke anayeamkia sufuria za uji angeelewa nini kingine? Tangu hapo akawa anamchagulia wimbi safi kutoka kwao Makueni, analipeta mwenyewe, anampelekea chuoni la kupima. Ndinda alilipokea, akalipika, akalinywa. Kila mara aliahidi moyoni kumweleza mama yake ukweli, na kila mara akakosa pa kuanzia.

Mwaka wa tisini na saba Ndinda akapata nafasi ya kuendelea na masomo Japani. Jumapili ya kumuaga, watu wa kanisa walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa kitandani. Baada ya maombi, Kasiva alitoa kifuko cha mbegu za wimbi.

"Uzipande huko," alisema. "Ukirudi uniletee ya kwao."

Jirani yao Gachanja, aliyewahi kuchimba mitaro ya nyaya za simu, akacheka. "Kwani Wajapani wanakunywa uji, Mama Ndinda?"

Ndinda aliinamisha kichwa. "Mwaitu, si wimbi ya uji. Ni wimbi la mwanga. Nalipitisha ndani ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele."

Mtu mmoja kitandani aliguna. Kasiva aliona aibu, tena aibu kubwa, maana uji ukimwagika hauzoleki, na Kayole nzima ilikuwa imeshasikia maneno yake. Lakini kilichomuuma zaidi ni hofu. Kama mtoto alikuwa hapa hapa Nairobi na mama yake hakumjua, akirudi kutoka Japani atamjua vipi?

Ndinda akahama kiti, akakaa karibu naye, akawa anazungumza na yeye peke yake.

"Mwanga una rangi nyingi, Mwaitu, na ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake. Wimbi likienda mbali, zingine zinatangulia, zingine zinabaki nyuma, linatawanyika mpaka linapoteza sura. Lakini likiwa na nguvu ya kutosha, linabadilisha kioo chenyewe pale linapita, na rangi zinashikana tena. Linafika vile lilitoka. Kioo ya kawaida ni ngumu kubadilika. Mimi natafuta ile itakubali."

Kasiva alikitazama kifuko mapajani mwake.

"Linafika vile lilitoka?"

"Vile vile."

"Hata ikiwa ni mbali?"

"Hata mbali."

"Na likiwa halina nguvu?"

"Linatawanyika njiani."

Kasiva aliinuka. Alimpokonya Ndinda soda aliyokuwa ameishika, akampa Gachanja, kisha akachukua kikombe kikubwa kuliko vyote na kukijaza uji mpaka ukingoni.

"Basi kunywa," alisema. "Kunywa yote."