Nilivyomfundisha Ouma Kulala

Omena, wale dagaa wa ziwani, ikianikwa kwenye jua kali ina harufu inayoingia kwenye nywele, kwenye nguo, mpaka kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Sisi tuliozaliwa ufukweni, nje kidogo ya Kisumu, tulikuwa hatuisikii tena. Tulijua ipo kwa sababu watu wa mjini walikuwa wakiziba pua. Mama yangu aliinunua alfajiri mitumbwi ilipotua, akaitandaza juu ya nyavu kuukuu, kisha akashinda akiigeuza na kuangalia mawingu upande wa ziwa. Omena iliyonyeshewa haina heshima. Inakuwa nyeusi, inanuka vingine, unawauzia wenye kuku. Kwa hiyo kazi ya mama ilikuwa kukaa macho tu, na mwaka aliozaliwa ndugu yangu Ouma, hilo ndilo lililomshinda.

Ouma hakulala usiku. Sisemi aliamka kunyonya akarudi kulala. Hapana, alikesha macho yamemtoka, akilia kama mtu aliyeibiwa. Baba alikuwa upande wa Awasi akikata miwa, tulimwona mwisho wa mwezi, kwa hiyo usiku wote ulikuwa wa mama peke yake. Jirani yetu, tuliyemwita Nyar Seme kwa kuwa kwao ni Seme, alimtania mbele ya watu: "Mpeleke huyo mjini, mama, wamwandike mlinzi. Kazi ya usiku anaijua tayari." Mama alicheka pamoja nao. Lakini siku moja alisinzia ameketi kando ya nyavu, mvua ikatoka ziwani, na alipozinduka ilikuwa imeshapita. Sikumwona akilia. Aliizoa omena ile kwa viganja, akaitia kwenye gunia, midomo imemkauka. Jioni hiyo akaniambia kesho nisivae yunifomu.

Nilikuwa darasa la tatu, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa nasoma vizuri. Mwalimu alinisimamisha niwasomee wenzangu kwa sababu sauti yangu ilifika mpaka nyuma. Mama alilijua hilo. Aliniweka karibu naye akaniambia, "Anyango, utanibebea Ouma mchana nipumzike. Akianza kulala usiku, unarudi shule." Nilimwamini. Niliona nimepewa kazi yenye mwisho, na mimi kazi sikuwahi kuiogopa.

Kwetu msichana wa kubeba mtoto anaitwa japidi, na nilianza kama japidi wote. Nilimfunga Ouma mgongoni kwa kanga, nikatembea, nikaimba, naye akalala tangu asubuhi mpaka kuku waingie. Watu wakanisifu, mtoto yuko kimya. Usiku ukifika analipiza. Nyar Seme akasema mtoto ametazamwa na jicho baya, akamletea majani ya kuogea. Ouma akanuka kama chakula cha mbuzi na akaendelea kulia. Nami kila asubuhi niliwaona wenzangu wakipita na vitabu vyao, wengine wakinipungia mkono, wengine wakijifanya hawanioni. Sikuwa na akili kuliko watu wazima. Nilikuwa na haraka tu.

Siku moja mgongo uliniuma, nikamtua kwenye gunia hapo nje, kwenye mwanga, kuku wakichakura karibu yake. Akakaa macho mchana karibu wote akiwatazama. Usiku huo akalia kidogo. Hapo ndipo nikaelewa kwamba mtoto huyu alikuwa anaumaliza usingizi wake mgongoni kwangu. Basi nikaanza vita. Mchana nilimwacha apate kausingizi kafupi, kisha namwamsha. Akisinzia jua likielekea kushuka, namsugua uso kwa maji, namwonyesha ndege, namchezesha. Alilia sana, na wapita njia waliniuliza namtesea nini mtoto wa watu. Mama naye alinigombeza. Nikamwomba anivumilie. Giza likikaribia nilimtoa kwenye kelele, nikamwogesha maji ya vuguvugu, mama akamnyonyesha akashiba, tukamlaza ndani taa ikiwa mbali. Nilimwimbia kwa sauti ya chini, wimbo uleule kila siku. Akiamka, hakuna kumwashia taa, hakuna kumchezesha. Ananyonya, anarudishwa. Kidogo kidogo usiku wake ukarefuka, mpaka asubuhi moja mama aliamka kwa mshtuko, mitumbwi imeshaanza kurudi na mtoto hajalia, akamwekea mkono kifuani kuona kama anapumua.

Alikuwa anapumua. Alikuwa analala tu.

Siku ile mama alinitangaza ufukwe mzima. Alisema Anyango wangu ana mkono, hata watoto wa wenyewe atawalaza, na Nyar Seme akaninunulia mandazi. Mimi sikungoja. Nilifua yunifomu yangu, nikaianika nyuma ya nyumba. Mama akaikuta inachuruzika maji. Hakukasirika. Alisimama pale akaishika ncha, akauliza polepole, "Na wewe ukienda, nani atamlaza?"

Nikamwambia, "Uliniahidi."

"Niliahidi," akasema. "Sikujua utaweza hivi."

Akasema ningoje muhula ujao. Muhula ulipofika tumbo lake lilikuwa limeshatokeza, na aliyekuja baada ya hapo naye alinisubiri mimi. Gauni langu la shule alilikata nepi. Hakufanya kwa ubaya. Aliona kitambaa, na mtoto yuko njiani. Nilizifua nepi zile mwenyewe, rangi ya bluu ikatoka mpaka zikawa hazina rangi.

Ouma alisoma. Leo anakaa Milimani, nyumba yenye geti, na kwenye mikutano ya ukoo yeye ndiye anayesimama na karatasi anatusomea. Ananiita mama yake wa pili, ananiletea sukari na blanketi. Najivunia, sitadanganya. Lakini akisoma ile karatasi naona wivu, na si wivu peke yake. Mimi haya maneno machache ninayoweza kuyasoma niliyaokota kwenye Biblia, kidole chini ya kila neno, na haya ninayoandika yamenichukua siku nyingi.

Sasa niko mjini, Migosi, kwa binti yangu. Amejifungua, amerudi kazini, na mtoto hampi usingizi, ndiyo maana aliniita. Hapa kuna taa ya umeme, chandarua, kitanda cha mtoto peke yake; hakuna anayeogopa mvua. Nimeshaanza kazi na mtoto ameanza kuelewa. Jana jioni mjukuu wangu Adhiambo, dada yake mtoto, ambaye yuko gredi ya saba na ana kichwa kizuri, aliacha vitabu mezani akaja akasimama karibu nami. "Dani, nionyeshe unavyofanya," akasema, dani ndiyo bibi kwetu. "Nitakusaidia."

Nikamwambia arudi mezani. Mama yake akacheka jikoni, akasema si ajue tu kidogo, kuna ubaya gani. Nikasema hapana, na sikulisema kwa utani. Adhiambo alirudi kwenye kiti chake amevimba, hakunitazama tena jioni nzima. Nilimwacha anune. Nilimbeba mtoto nikaingia chumbani, nikafunga mlango ili Adhiambo asione mikono yangu.