Mfano Nilioandika Ubaoni

Nilifundisha Kiingereza kwa miaka michache tu, na sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama ambazo hazikutosha kunipeleka mbele, na walimu walikuwa haba katika miaka ile ya Hali ya Hatari. Mkuu wa shule, Mzungu aliyekuwa karibu kustaafu, alinipa gazeti nisome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha akaniambia nianze Jumatatu. Shule ilikuwa upande wa Njoro, madarasa ya mawe na mabweni ya mabati, na reli ya kwenda Kisumu ilipita chini ya uwanja wa mpira.

Wanafunzi wangu walikuwa wavulana, baadhi yao wenye ndevu. Wengi walitoka katika mashamba ya walowezi, ambako baba zao walikamua ng'ombe au kuchuma pareto. Nilipewa kazi ya kuwafundisha kusoma na kuandika habari za kweli, na kuzitambua mbinu za lugha ndani yake: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku. Tulikuwa na kitabu kimoja, nami nilikuwa mbele yao kwa kurasa mbili au tatu tu.

Nilichoka mapema. Baridi ya Njoro iliniingia mifupani, na kila jioni rundo la madaftari lilinisubiri mezani. Ndani ya madaftari hayo kila kitu kilikuwa kama simba. Baba alikuwa shujaa kama simba, mkuu wa shule alinguruma kama simba, hata mpishi wetu, mtu mpole aliyetuunguzia maharagwe, aligawa chakula kama simba. Niliwaambia kwamba andiko la kweli lina ruhusa ya kupambwa lakini halina ruhusa ya kubuni. Walinakili sentensi hiyo vizuri. Mimi mwenyewe niliipenda, kwa kuwa haikutoka katika kitabu.

Siku moja niliwapa zoezi jipya: kila mmoja aeleze kazi ya baba yake, na atumie mbinu moja tu. Kijana mmoja mkimya aliyekaa karibu na dirisha alisoma lake kwa sauti. Baba yake aliajiriwa na mlowezi kuwaogesha mbwa. Alieleza maji yalivyopashwa moto, jinsi mbwa mkubwa alivyotangulia, na jinsi baba yake alivyowakausha masikio ili yasioze. Lilikuwa andiko safi. Lakini darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea.

“Kumbe mbwa wa Mzungu anaoga kukushinda!” mmoja alimwambia.

Mwingine akauliza kama baba yake naye huogea maji hayohayo, wakacheka tena. Ningaliweza kuwanyamazisha, lakini niliacha kicheko kiishe chenyewe, kwa sababu nami nilikuwa nimetabasamu. Kijana alikunja daftari lake, akakaa.

Ndipo wakataka niwaonyeshe la kwangu. Ombi lao lilikuwa halali. Mwalimu hutoa mfano. Nilichukua chaki nikaandika kwamba baba yangu anafanya kazi ya reli mjini Nakuru. Wakauliza kazi gani.

Baba yangu aliosha mabehewa. Zaidi ya yote aliosha vyoo vya mabehewa, vya daraja la kwanza na la pili, kabla gari la moshi halijaendelea na safari. Ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka wakati huo, na upepo ulimwaga vumbi la magadi mji mzima, hivyo behewa alilosafisha asubuhi lilimrudia adhuhuri likiwa jeupe. Karo yangu ilitoka katika ndoo na brashi ile. Nami, nikiwa na kicheko chao bado masikioni, niliandika kwamba baba yangu ni faimani, yule mtu anayesimama ubavuni mwa dereva akiutunza moto wa injini.

Baada ya hapo maneno yalikuja bila kuitwa. Niliandika kwamba moto ule ni mtoto wake na akilia humbembeleza. Niliandika kwamba injini inapopanda mlima hadi Mau hupumua kama mzee aliyebeba gunia, na baba yangu huipigapiga ubavuni akiiomba ivumilie. Wanafunzi walifungua madaftari wakanakili bila kuambiwa. Hakuna siku niliyofundisha vizuri kuliko siku ile. Mkuu wa shule alipita, akasoma ubao tangu mwanzo hadi mwisho, akaagiza madarasa mengine yalinakili andiko lile pia, kama mfano wa habari za kweli.

Tangu hapo, gari la moshi likipita, wavulana walishuka mbio hadi kwenye ua wakipunga mikono kumsalimu baba yangu. Siku moja faimani fulani akajibu kwa kitambaa chake. Wakarudi wakiniambia kwamba wamemwona. Nikasema, vyema.

Baba alistaafu mwaka uliofuata. Alipewa pasi ya mwisho ya reli imfikishe nyumbani, magharibi, na pasi hiyo ilimruhusu kushuka njiani. Akashuka katika stesheni yetu asubuhi, bila kunipa habari, ili aione shule kabla ya kupanda gari la jioni. Wavulana wawili waliotumwa kuchukua barua za shule walimkuta pale na sanduku la mbao na godoro lililofungwa kwa kamba. Akawaambia kwamba yeye ni mtu wa kwao mwalimu wao. Wakambebea mizigo. Njiani, kama nilivyokuja kujua, walimuuliza ni lini baba wa mwalimu, yule faimani, angekuja. Koti lake lilikuwa na viraka, na hawakuweza kufikiri kwamba ndiye yeye.

Nilikuwa darasani nilipomwona mlangoni.

“Mwalimu, umepata mgeni wa kwenu,” alisema mmoja wa waliombebea.

Nilimkaribisha. Darasa zima likasimama, nikamwekea kiti mbele. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Sikutamka “baba”. Nilijiambia kwamba nitalitamka baada ya kipindi, tukiwa wawili.

Kisha kijana mmoja mchangamfu akaomba ruhusa amsomee mgeni andiko la mfano, ili akampelekee faimani salamu. Nikaitikia kwa kichwa. Alilisoma kwa Kiingereza, akalirudia sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, na lilikuwa refu kuliko nilivyokumbuka. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Liliposomwa neno la moto kubembelezwa kama mtoto, alicheka kidogo puani.

“Mzee, huyo baba ya mwalimu unamjua?” kijana akauliza.

Baba aliinua kichwa. Alinitazama kwanza. Alinitazama kwa muda wa kutosha, na hapakuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa ananiachia nafasi nijibu mimi. Nilikuwa nimeshika chaki. Nikageuka, nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

“Namjua,” nikasikia sauti yake nyuma yangu. “Tumekaa landhi moja naye, kwenye nyumba za reli. Ni mtu wa kazi.”

Wakamuuliza kama ni kweli ana nguvu kumshinda dereva. Akasema dereva kazi yake ni kupiga honi tu. Bila moto ataenda wapi? Darasa likacheka, kicheko kizuri, cha kumpenda. Akaendelea kidogo, akawaambia huyo mzee anawasalimu sana na anawaombea mtihani. Alifanya hivyo vizuri kiasi kwamba hata mimi, kwa dakika moja, nilimwona faimani yule akiwa mtu mwingine, mahali pengine.

Jioni nilimsindikiza stesheni. Alizungumza habari za mawe ya madarasa, za vijana wenye adabu, za bei ya viazi Njoro. Tulipofika nikasema, “Baba, lile andiko.”

“Gari linakuja,” akasema.

Halikuwa linakuja. Tulisimama pale tukitazama reli tupu.

Wiki iliyofuata niliwapa zoezi la kueleza mtu waliyemwona karibuni, bila kubuni chochote. Yule kijana wa karibu na dirisha, mwana wa mwogesha mbwa, aliandika juu ya mgeni wangu. Aliandika kwamba vifungo vya koti lake havikufanana, na kila kimoja kilishonwa kwa uzi wa rangi yake. Aliandika kwamba alikikalia kiti kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke. Sentensi ya mwisho ilisema: mzee huyu anafanana sana na mwalimu wetu.

Nililisoma mara nyingi. Sikuona simba, wala chuku, wala pambo lolote. Nikajua kwamba anajua, na kwamba huenda darasa zima lina macho. Kijana alinipa mlango wa kutokea, na kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili. Chini ya andiko lake niliandika swali nililowaandikia wote: Umetumia mbinu gani? Daftari liliporudi kwa masahihisho alikuwa amejibu kwa herufi ndogo: Hakuna, mwalimu.

Nilimpa alama ya juu. Nikamrudishia daftari.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilimkuta baba akitengeneza zizi, amenenepa kidogo, na mama akiwa na maneno mengi ya kunikaribisha. Alinipa uji, akakaa mbele yangu.

“Baba yako ametuambia umeandika habari zake,” alisema. “Anasema shule nzima wamezinakili. Sasa tusomee.”

Nikasema nimeacha daftari shuleni. Baba, akiwa mlangoni, akasema vitu vya shule hukaa shule, mtoto aachwe anywe uji. Akatoka kwenda kumfunga ndama. Mama hakuondoa macho kwangu.

“Basi tuambie kwa mdomo. Umesema nini juu yake?”

Labda ni uchovu wa safari, labda ni vile alivyouliza akiwa tayari kufurahi. Nilimwambia yote: faimani, moto, darasa, chaki, ubao mtupu. Nilipomaliza alichukua kikombe changu, akakitazama ndani.

“Na yeye alikuwepo wakisoma?”

“Alikuwepo.”

“Akasema nini?”

“Akasema anamjua huyo mtu.”

Mama alikiweka kikombe chini, na nje tukasikia ndama akifungwa. Nikamuuliza kama niende nje nikamwombe baba msamaha.

“Kesho ama kesho kutwa utarudi kwa kazi yako,” alisema. “Yeye atabaki hapa. Ukimwambia, ni lazima akujibu hakuna neno. Usimfanye aseme hivyo. Amekwisha kulibeba, usimtwike tena.”

Nilimtii, na nimekuwa nikijiambia tangu siku hiyo kwamba nilinyamaza kwa sababu mama alikataza. Ukweli ni kwamba katazo lake lilinipumzisha. Mama alikuwa akimhurumia mumewe, na mimi nikajificha nyuma ya huruma hiyo kwa miaka yote iliyombakia. Niliacha ualimu, nikawa karani, nikamjengea nyumba ya mabati, nikamnunulia koti. Sikumrudishia neno lile moja ambalo darasa zima lilikuwa tayari kulisikia.

Jioni ile aliingia akipangusa mikono, akatuuliza tunaongea nini kimyakimya hivyo. Mama akasema tunaongea habari za mvua. Akaketi, akaomba uji wake, na kabla haujapoa akaanza kumsimulia mama tena jinsi alivyoingia katika shule yangu, na vijana wakubwa wale, wengine na ndevu, wakasimama wote.